Rafu ya Vitabu Nyumbani: Inatueleza Nini Kuhusu Msomaji wa Fasihi?

Utangulizi

Mjadala kuhusu kitabu kilichochapishwa na kitabu cha kielektroniki umezoeleka katika vyumba vya walimu. Wapo wanaodai kuwa simu ya mkononi imeua usomaji. Wapo pia wanaoamini kuwa simu hiyo hiyo ndiyo itakayomfikishia kila mwanafunzi riwaya na tamthilia ambazo mzazi wake hana uwezo wa kuzinunua. Katika makala haya tutaanza kwa kuichunguza rafu ya vitabu nyumbani kwa mtahiniwa, hasa katika eneo letu la Rongai, Kaunti ya Nakuru, kisha tuilinganishe na kile kinachohifadhiwa kwenye simu. Tunashikilia kuwa kinachomfaa mtahiniwa ni matini kamili inayodumu nyumbani na kusomwa zaidi ya mara moja, iwe ya karatasi au ya kielektroniki. Swali la kwanza basi ni hili: je, matini kamili imo nyumbani?

Rafu kama matini

Mwalimu wa fasihi humfunza mwanafunzi kutazama mandhari, maudhui na hata yale ambayo mwandishi ameyanyamazia. Rafu ya vitabu yaweza kusomwa vivyo hivyo.

(a) Mahali pa vitabu

Katika nyumba nyingi kuanzia Kampi ya Moto hadi Solai, rafu iliyotengenezewa vitabu ni nadra. Vitabu hukaa mahali pawili. Pa kwanza ni kabati la sebuleni lenye vioo, pamoja na vikombe vya wageni na picha za mahafali. Hapo utaona Biblia, Tenzi za Rohoni na pengine kamusi. Pa pili ni lile sanduku la bati ambalo mtoto alilibeba alipokwenda shule ya bweni, na ambalo sasa limesukumwa chini ya kitanda. Humo ndimo ilimo fasihi. Tofauti hii ina maana. Kitabu cha ibada ni cha familia nzima, nacho huwekwa mahali ambapo kila mtu anakifikia. Riwaya ni ya mtoto anayetahiniwa; mtihani ukiisha, nayo hufungiwa.

(b) Vitabu vilivyomo na visivyokuwamo

Fungua sanduku hilo. Ukikuta Utengano ya Said Ahmed Mohamed na Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, huenda kifungua mimba wa nyumba hiyo alifanya mtihani wa KCSE mwishoni mwa mwongo wa kwanza wa karne hii. Kidagaa Kimemwozea, Mstahiki Meya na Damu Nyeusi ni za nduguye aliyemfuata. Chozi la Heri, Kigogo na Tumbo Lisiloshiba ni za wa tatu. Bembea ya Maisha na Nguu za Jadi ni za kitindamimba. Unaweza kukisia idadi ya watoto na miaka ya mitihani yao bila kumuuliza mtu swali. Rafu ya namna hii inatusimulia historia ya uteuzi wa vitabu kuliko inavyotusimulia mapenzi ya wasomaji.

Tazama sasa pengo. Diwani ya mashairi haimo. Sababu yake si ngumu kuipata. Katika karatasi ya tatu, ushairi hutahiniwa kwa mashairi ambayo mtahiniwa hakuelekezwa kuyasoma awali. Hakuna diwani teule, na kwa kuwa hakuna diwani teule, hakuna diwani nyumbani. Kisha tunashangaa watahiniwa wanapoliogopa swali la ushairi kana kwamba limeandikwa kwa lugha ya kigeni. Vivyo hivyo Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) hazionekani, ila pale ambapo mzazi mwenyewe ni mwalimu.

Lipo pia pengo la aina nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya familia katika Bonde la Ufa ziling'olewa makwao. Anayekimbia hubeba mtoto na blanketi. Riwaya hubaki nyuma. Nyumba ambayo vitabu vyake vyote ni vya baada ya 2008 huenda si nyumba ya watu waliochelewa kupenda kusoma. Mwanafunzi anayechambua maafa ya Ridhaa katika Chozi la Heri aweza kuwa anatoka katika nyumba kama hiyo, na mwalimu anapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kumuuliza hadharani kwa nini kwao hakuna vitabu.

(c) Hali ya kitabu

Ukurasa wa kwanza wa kitabu kilichopita mikono mingi huwa na majina matatu au manne, kila jina na kidato chake. Pambizoni mna maneno ya kalamu ya risasi: jazanda, kinaya, tashbihi, mbinu rejeshi. Chunguza maandishi hayo yanakomea wapi. Yakikoma sura ya tatu, yumkini msomaji naye alikoma hapo, na kuanzia sura ya nne alitegemea mwongozo.

Tahadhari moja inafaa hapa. Rafu tupu si ushahidi kuwa mwanafunzi hasomi. Tangu 2018 serikali imekuwa ikisambaza vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na mwanafunzi huvirudisha amalizapo. Wengine huazima kwa jirani, au husoma katika tawi la maktaba ya taifa mjini Nakuru. Aidha, nyumba isiyo na kitabu hata kimoja yaweza kuwa na nyanya ambaye ni hazina ya ngano, vitendawili na methali, na fasihi simulizi nayo hutahiniwa.

Umuhimu wa vitabu nyumbani

Mwaka 2010, mwanasosholojia Mariah Evans na wenzake walichapisha utafiti uliotumia takwimu za nchi 27. Walibaini kuwa watoto waliolelewa katika nyumba zenye vitabu vingi walisoma shuleni kwa takriban miaka 3 zaidi kuliko waliotoka katika nyumba zisizo na vitabu, hata baada ya elimu, kazi na tabaka la wazazi kuzingatiwa. Nafuu hiyo ilionekana zaidi katika familia ambazo wazazi hawakusoma sana. Hatuwezi kudai kuwa karatasi yenyewe ndiyo iliyoleta matokeo hayo; nyumba yenye vitabu kwa kawaida ni nyumba yenye mazungumzo juu ya vitabu. Hata hivyo, kwa mzazi wa Rongai anayelima mahindi au anayefanya kazi katika shamba la mkonge, habari hii ni njema: vitabu vichache vya kwanza vina uzito mkubwa.

Hifadhi ya fasihi nyumbani si jambo geni kwa Waswahili. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake unatajwa kuwa wa mwaka 1728, na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 zilidumu kwa sababu zilinakiliwa kwa mkono na kutunzwa. Mwana Kupona alimtungia bintiye, kwa hivyo msomaji wa kwanza wa utendi huo alikuwa wa nyumbani. Hakukuwa na mtihani uliomlazimisha yeyote kuunakili.

Karatasi na kioo

Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 54 zilizowahusisha washiriki zaidi ya 170,000. Waligundua kuwa wasomaji walielewa zaidi waliposoma kwenye karatasi kuliko kwenye kioo, hasa walipobanwa na muda na hasa kwa matini za maelezo. Lakini kwa matini za kisimulizi peke yake tofauti hiyo haikujitokeza. Kwa mwalimu wa fasihi jambo hili lina uzito. Riwaya ikisomwa yote kwenye simu, hatuna msingi wa kusema kuwa msomaji amepungukiwa.

Tatizo ni kwamba aghalabu kilichomo kwenye simu si riwaya. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Huipata wakati wa likizo, tena simu ya mzazi, yenye bando kidogo. Katika muda huo mfupi hutafuta muhtasari, orodha ya wahusika na maswali yenye majibu. Muhtasari humweleza kilichotendeka lakini haumpi maneno yenyewe. Swali la dondoo humtaka mtahiniwa aeleze nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini, kisha atambue mbinu za lugha. Aliyesoma muhtasari hana sauti ya mhusika masikioni mwake, hivyo alama nne za muktadha humponyoka.

Suala la pili ni umiliki. Julai 2009, kampuni ya Amazon ilifuta nakala za Animal Farm na 1984 za George Orwell kutoka kwa vifaa vya wateja waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa muuzaji wake hakuwa na haki ya kuziuza. Wateja walirudishiwa pesa, lakini vitabu vilitoweka. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa mwaka 1967, haiwezi kutolewa sandukuni kwa namna hiyo. Nakala ya karatasi inaazimwa, inarithiwa na kuandikwa pambizoni bila idhini ya kampuni yoyote.

Suala la tatu ni hakimiliki. Nakala nyingi zinazosambazwa katika makundi ya simu zimepigwa picha ukurasa baada ya ukurasa bila ruhusa, kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Sisi tunaofunza Kidagaa Kimemwozea tuna mfano mikononi: Amani aliibiwa mswada, nao ukachapishwa kwa jina la Majisifu. Haipendezi kumkemea Majisifu darasani saa nne kisha saa kumi kuwatumia watahiniwa nakala ya wizi ya riwaya ya Ken Walibora.

Pamoja na hayo, kioo kina manufaa yake. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, waliokuwa na simu au tarakilishi nyumbani waliendelea kupata masomo. Msomaji mwenye uoni hafifu hukuza maandishi apendavyo. Isitoshe, miswada mingi ya Kiswahili iliyochukuliwa kutoka pwani na kuhifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na mtahiniwa wa Rongai aweza kuona mwandiko ambao zamani ungemlazimu kusafiri ng'ambo kuutazama.

Mapendekezo kwa mwalimu

Kwanza, kabla ya likizo mwombe kila mwanafunzi aandike orodha ya vitabu vilivyo nyumbani au kwa jirani, bila kutia jina lake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Darasa la wanafunzi hamsini laweza kugundua kuwa kijiji kina nakala za Utengano ambazo hakuna anayezisoma.

Pili, watumie wanafunzi vitabu vilivyopitwa na uteuzi. Utengano ilichapishwa mwaka 1980, na takriban miaka thelathini baadaye watahiniwa walikuwa wakiichambua. Mtihani wa mwisho wa KCSE katika mfumo wa 8-4-4 umepangwa kufanywa mwaka 2027. Baada yake, masanduku mengi yatajaa vitabu vitakavyoitwa vya zamani. Tuwasihi wazazi wasiviuze kwa kilo.

Tatu, kila darasa linunue angalau diwani moja na izungushwe majumbani, wiki moja kila nyumba, ili mashairi yasomwe kwa sauti mbele ya wazazi.

Nne, atakayesoma kwenye simu asome matini kamili iliyopatikana kwa njia halali, na aandike maoni yake katika daftari, sura kwa sura. Daftari hilo litakuwa pambizo yake.

Hitimisho

Tumeona kuwa rafu ya nyumbani hufichua mtihani uliofanywa, msiba uliopita na ukurasa ambapo msomaji alichoka. Simu nayo ina rafu yake, na yapasa kukaguliwa kwa vigezo hivyo hivyo. Mwanafunzi atakayeitoa riwaya chini ya kitanda na kuiweka sebuleni, karibu na Biblia na kamusi, atakuwa ameirudisha fasihi mikononi mwa familia nzima.

Maswali ya mazoezi

1. Chagua vitabu vitano vilivyomo nyumbani kwenu au kwa jirani. Eleza vinaonyesha nini kuhusu historia ya familia hiyo. (Alama 10)
2. "Kitabu cha kielektroniki ni mkombozi wa mtahiniwa maskini." Jadili. (Alama 20)
3. Linganisha wizi wa mswada katika Kidagaa Kimemwozea na usambazaji wa nakala haramu za vitabu kwenye simu. (Alama 20)