CHANDA CHEMA HUVIKWA PETE: Jalada la Wimbo Nalo Lina Kanuni Zake

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga wetu. Lakini wimbo, hata uwe mtamu kama halua, hauwezi kujiuza mpaka usikike. Kabla ya hapo mnunuzi hana ila macho yake. Anayezungumza naye ni jalada.

Juzi nilifungua sanduku la kanda za zamani nyumbani. Nilikuta kanda za taarabu zaidi ya ishirini. Baadhi yake zilikuwa na picha ya waridi au ya jua likitua, na maandishi mekundu juu ya buluu iliyoiva, hayasomeki hata ukiyasogeza dirishani. Jina la mwimbaji limebanwa pembeni. Jina la mshairi halimo kabisa. Ilinibidi nizipige moja moja ndipo nijue ni sauti ya nani. Mbili zilikuwa zimekwisha kuliwa na ukungu, na mwenye sauti zile sitamjua tena.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba jalada si pambo tu. Ni shahidi.

Mwanzo wake

Zamani santuri ziliuzwa ndani ya majalada matupu, yasiyo na picha. Mwaka 1940, kijana mmoja aitwaye Alex Steinweiss, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Columbia huko Marekani, aliwashawishi wakubwa wake wamwachie atie picha. Jalada lake la kwanza, la nyimbo za Rodgers na Hart, lilionyesha taa za nje ya jumba la michezo ya kuigiza mjini New York, na jina la santuri likiwaka katika taa hizo. Columbia ilipotoa santuri ndefu mwaka 1948, mchoraji alipata uwanja wa kiasi cha sentimita 31 kila upande.

Aliyeutumia uwanja huo kwa ustadi mkubwa ni Reid Miles. Katika miaka ya 1950 na 1960 alitengeneza mamia ya majalada ya kampuni ya Blue Note, iliyorekodi muziki wa jazi. Miongoni mwa wanamuziki wake alikuwa mpiga ngoma Art Blakey, aliyesilimu na kuitwa Abdullah Ibn Buhaina. Kampuni ilikuwa ndogo na fedha zake chache, kwa hiyo mara nyingi Miles alitumia nyeusi pamoja na rangi moja au mbili tu. Alichukua picha za Francis Wolff, akazikata, akazipanga na herufi nzito. Katika jalada la Jackie McLean liitwalo It's Time!, alama za mshangao zimetapakaa kote, na picha ya mwanamuziki ni ndogo kama stempu. Hata hivyo jicho huiona.

Chuo kiko nyumbani

Je, siri yake ni nini? Ni kanuni chache, msomaji, nazo si ngeni kwetu. Tandika kanga uitazame. Pindo limezunguka na kuifunga kazi yote. Mji uko katikati na picha yake. Jina limekaa mahali pake, linasomeka. Hakuna kinachomwingilia mwenzake.

Kanuni ya kwanza basi ni kwamba mkubwa awe mmoja. Jalada ambalo kila kitu kinataka kuonekana kwanza ni kama baraza ambayo wote wanasema kwa pamoja, hakuna anayesikika.

Ya pili ni rangi kupingana. Njano juu ya nyeusi husomeka kutoka mbali. Nyekundu juu ya buluu hutetemeka machoni.

Ya tatu ni nafasi tupu. Mpiga udi hodari hajazi kila pengo. Hunyamaza kidogo ili noti ifuatayo ipate uzito. Na jalada ni vivyo hivyo.

Kanuni hizi zina kazi kubwa zaidi leo. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, iliupunguza uwanja ule ukawa kama kiganja. Sasa nyimbo nyingi huonekana katika simu, na jalada ni kama ukucha wa kidole gumba. Kijana anayetengeneza jalada na alipunguze kwanza kufikia kadiri hiyo. Lisiposomeka, afute kitu.

Sura si lazima

Wako wanaodhani kwamba jalada haliwi jalada bila sura ya mwimbaji. Msoma kaswida, au mama asiyependa sura yake itembezwe madukani, huona hana njia. Anayo! Miles alikuwa na majalada yaliyosimama kwa herufi peke yake. Nasi tuna khati, tuna nakshi za milango ya Lamu, tuna darizi za kofia. Mwenye vitu hivyo haazimi waridi la mtu mwingine.

Lakini lisikose jina la mtunzi. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Ahmad Nassir. Zein l'Abdin, aliyetutoka mwaka 2016, aliimba ya Ahmad Sheikh Nabhany. Sisi tuliowasikia twajua. Mjukuu wetu atajuaje ikiwa jalada limenyamaza? Mstari mmoja mdogo chini, kama jina la kanga, watosha kumpa kila mtu haki yake.

Chanda chema huvikwa pete. Nyimbo zetu ni vyanda vyema. Tusizivike pete ya kuokota.