Sikio Likiacha Kusikia Ghafla, Usingoje

Ukiamka asubuhi na sikio moja halisikii, usimimine mafuta ukidhani ni nta tu. Funga mdomo, toa sauti ya "mmm". Ikisikika zaidi kwenye sikio bovu, huenda limeziba. Ikielekea sikio zima, huenda mshipa wa fahamu umedhurika. Kwa vyovyote, fika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za steroidi husaidia zaidi zikianza mapema, hasa ndani ya wiki 2. Wapo wanaopona bila dawa, lakini nani ajuaye kama ni wewe?

Ubongo nao haukai bure. Ukikosa sauti za upande mmoja, hubadili njia zake za mawasiliano. Huenda ndiyo sababu wengine husikia mlio usiokuwepo. Hawajarogwa. Kaa nao upande unaosikia.