Sidiria, Uvimbe na Kamera: Teknolojia ya Kuvaliwa ya Kuchunguza Saratani ya Matiti na Mwanamke wa Gikomba

Katika soko la Gikomba, mashariki mwa jiji la Nairobi, robota la mitumba linapofunguliwa alfajiri, nguo za kwanza kuchaguliwa huitwa kamera. Hizo ndizo safi, zisizo na tundu wala doa, na bei yake ni ya juu. Zile zinazosalia baada ya mikono mingi kupita huitwa fagia. Miongoni mwa bidhaa hizo zimo sidiria. Mnunuzi huijaribu papo hapo njiani, juu ya blauzi aliyoivaa, kisha wakapatana bei. Vazi hili la kawaida ndilo ambalo wahandisi wa ng'ambo wamelichagua liwe chombo cha kuchunguzia saratani ya matiti. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, na kile ambacho hakiwezi kumfanyia mwanamke wa soko kama hilo.

Aghalabu teknolojia hii hutajwa kana kwamba ni moja, ilhali ziko njia mbili zinazotofautiana sana. Njia ya kwanza hutegemea joto. Hoja yake ni kuwa uvimbe wa saratani hujivutia damu nyingi ili ukue, na penye damu nyingi ngozi hupata joto zaidi. Mwaka 2017 kijana wa Meksiko, Julián Ríos Cantú, ambaye mamaye aliugua saratani ya matiti, alipata tuzo kwa wazo la sidiria yenye vitambuzi vya joto. Wazo hilo lilisifiwa kote duniani. Hata hivyo, joto la ngozi hubadilika kwa sababu nyingi: hedhi, kunyonyesha, maambukizi, hata jua la mchana. Mnamo Februari 2019 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitahadharisha kuwa upimaji wa joto hauwezi kuchukua nafasi ya mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi. Kwa hivyo, pamoja na mvuto wake, njia hii haijathibitika kuwa ya kutegemewa.

Njia ya pili ina uzito zaidi. Julai 2023, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) wakiongozwa na Canan Dağdeviren, mhandisi mzaliwa wa Uturuki, walichapisha matokeo ya kibandiko cha ultrasaundi kinachonata kwenye sidiria kwa sumaku. Kibandiko chenyewe kina matundu kama sega la nyuki. Mvaaji hukisogeza kitambuzi kutoka tundu moja hadi jingine, nacho hugusa ngozi na kupeleka ndani ya titi mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Mawimbi hayo yakikutana na kitu chenye ugumu tofauti hurudi kama mwangwi, na mwangwi huo hugeuzwa kuwa picha. Kitambuzi kiliweza kuona hadi kina cha sentimita 8, na kilibainisha uvimbe wenye upana wa sentimita 0.3 tu, ambao vidole haviwezi kuung'amua. Dağdeviren alianza kulifikiria wazo hilo kitandani pa shangazi yake, aliyegunduliwa kuwa na saratani iliyokwisha kuenea akiwa na umri wa miaka 49, ingawa alikuwa akipimwa kila mara. Alifariki miezi sita baadaye.

Ultrasaundi ina faida ya pekee kwa Kenya. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti barani Afrika huwa na umri mdogo kuliko wale wa Ulaya, na matiti ya mwanamke kijana huwa na tishu nzito ambazo eksirei huzipenya kwa shida. Mawimbi ya sauti hayazuiliwi na uzito huo kwa kiasi hicho. Tena hayana mionzi, na hivyo mtu anaweza kujipima mara nyingi. Haja ipo: kwa mujibu wa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake 6,799 nchini Kenya walipatikana na saratani ya matiti mwaka huo, na 3,107 wakafariki.

Lakini kifaa hicho kiliona nini hasa? Katika jaribio la 2023 alihusika mwanamke mmoja tu, mwenye umri wa miaka 71, aliyekuwa na historia ya vifuko vya majimaji ndani ya matiti. Vifuko hivyo ndivyo vilivyoonekana, na havikuwa saratani. Hapa Kiswahili kinamtega msomaji. Neno uvimbe hubeba yote: kifuko cha majimaji kisicho na madhara, jipu, na donge la saratani. Habari ikiandikwa kuwa "sidiria imegundua uvimbe", msomaji wa Nairobi atasikia kuwa imegundua saratani. Kifaa huonyesha kwamba kitu kipo. Kujua ni kitu gani kunahitaji kipande cha tishu kitolewe kwa sindano, kipelekwe maabara, kisha mtaalamu akitazame kwa hadubini.

Lipo pia suala la stara. Neno sidiria lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kifua, na katika mazungumzo ya heshima kifua ndicho hutajwa badala ya matiti. Ila kifua ni ugonjwa vilevile: kikohozi, pumu, kifua kikuu. Mama anayemwambia mhudumu "nasumbuliwa na kifua" anaweza kurudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Kifaa kitakachotoa taarifa zake kwa Kiswahili kitapaswa kusema titi, na kusema bila kumfedhehesha anayesoma. Kazi hiyo si ya mhandisi peke yake. Wanafunzi wa isimu wana nafasi yao hapo.

Linalobaki ni soko lenyewe. Kibandiko cha 2023 kiliunganishwa na mashine ya ultrasaundi kama zile za hospitalini, na kitambuzi chake lazima kigusane barabara na ngozi. Sidiria ilegeapo, picha huharibika. Gikomba sidiria huuzwa moja moja, kila moja na kipimo chake, na nyingi zimelegezwa na mwenyewe wa kwanza. Simu iliyotumika bado hupiga simu, na koti lililotumika bado huzuia baridi. Kipimo cha kitabibu kilichokwisha kuchakaa humwambia mtu kuwa yu mzima ilhali ni mgonjwa. Teknolojia hii haifai kufika kama fagia.

Hata ikifika kama kamera, saratani ya matiti mwanzoni aghalabu haiumi. Mkakati wa taifa wa kukabili saratani wa mwaka 2017 ulieleza kuwa takriban wagonjwa 70 hadi 80 katika kila 100 wa saratani za aina zote hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Sehemu ya kuchelewa huko hutokea baada ya mtu kuliona donge. Mchuuzi wa Gikomba aliyekwisha kuligusa kwa mkono wake mwenyewe anahitaji siku ya picha, siku ya sindano, siku ya majibu, na kila mojawapo ni alfajiri ambayo robota litafunguliwa na mwingine.