Kwa nini safari ya kilomita 420 angani huchukua saa nzima

UMBALI kati ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa Moi, Mombasa, ni takriban kilomita 420 ukipimwa kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, safari hiyo hukaribia kilomita 480.

Ndege ya jeti huweza kwenda kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa. Mwanafunzi wa shule ya msingi akipewa hesabu hiyo atajibu kwamba abiria atafika kwa dakika 32. Mbona basi tikiti huonyesha karibu saa nzima?

Jibu la kwanza limo katika tikiti yenyewe. Saa ya kuondoka iliyoandikwa humo si ile ambayo magurudumu huacha ardhi, bali ni ile ambayo ndege huanza kusogea kutoka maegeshoni. Vivyo hivyo, saa ya kufika ni ile ambayo ndege husimama maegeshoni. Kati ya hayo mawili pana kujikokota hadi njia ya kurukia, kungoja zamu na, baada ya kutua, kujikokota tena. Angani kwenyewe ndege hukaa dakika 40 hadi 45 hivi.

Jibu la pili ni kupaa na kuteremka. Rubani aliye katika kimo cha mita 9,000 huhitaji zaidi ya kilomita 150 ili kushuka taratibu hadi Mombasa, ambako uwanja uko mita 60 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Ukiondoa pia masafa ya kupaa, kinachosalia kwa mwendo kamili ni kipande kifupi. Ndiyo maana abiria huamriwa kufunga mikanda hata kabla ya kumaliza soda! Ni kwa sababu hiyo pia ndege ya rafadha, ijapokuwa ina kasi ndogo, haiachwi nyuma sana katika safari hii.

Hesabu hii ina uzito kwa anayetoka Mombasa kuunganisha safari ya ng'ambo jijini Nairobi. Yafaa aanze kuhesabu kutoka saa ya kufika, wala si dakika za angani, kisha aongeze muda wa kushuka na kubadilisha jengo. Iwapo alinunua tikiti mbili zisizohusiana, itambidi pia achukue mizigo yake na kujisajili upya. Ndege ya kwanza ikichelewa, kwa kawaida shirika la pili halilazimiki kumsubiri wala kumrejeshea nauli.

Aidha, tikiti hazifuati saa zetu za Kiswahili. Ndege ya 06:30 huondoka saa kumi na mbili unusu asubuhi, na atakayefika uwanjani akidhani ni saa sita unusu mchana ataambiwa ilitua Mombasa zamani.