Kipimo cha nyuklia cha moyo: si bomu, ni kamera

Mwezi huu ukurasa wa afya unajibu swali la mama mmoja wa darasa letu la watu wazima. Kaka yake alipata safari ya Marekani. Sasa ametuma ujumbe kwamba akipanda ngazi kifua kinambana, daktari amemwandikia "nuclear stress test", na yeye amekataa kwenda. Mama akaniuliza: "Mwalimu, nyuklia si ile ya bomu? Wanataka kumfanyia nini ndugu yangu?"

Swali hilo si la kuchekwa. Wengi wetu tumetoka Kongo, na uraniamu nyingi iliyotumika katika kazi ya mabomu yaliyopigwa Japani mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga. Lakini Kongo hiyo hiyo ndiyo iliyopata kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, mwaka 1959 pale Kinshasa, na kile kilikuwa cha masomo na utafiti. Ni kama moto: unaunguza nyumba, na unapika ugali. Inategemea kiasi, na nani ameushika.

MOYO NAO UNAKULA

Moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe pia ni nyama, nao unahitaji damu. Unailetewa na mishipa yake midogo. Kwa mtu mwenye presha, sukari, anayevuta sigara, au mwenye umri mkubwa, mishipa ile inaweza kuziba polepole kwa mafuta.

Fikiria bustani yenye mifereji. Mfereji mmoja umejaa tope nusu. Asubuhi hakuna jua kali, yale maji kidogo yanatosha na tuta linaonekana zuri tu. Jua la saa saba likiwaka, tuta lile linanyauka wakati mengine yamesimama. Moyo ni hivyo hivyo. Mtu akikaa hasikii kitu. Akipanda ngazi au akibeba mzigo, kifua kinabana. Mfereji ukiziba kabisa, tuta linakufa, na hapo ndipo tunasema mtu amepata shambulio la moyo.

Ndiyo maana daktari hatosheki kumpima mgonjwa akiwa amelala. Anataka kuona bustani asubuhi, na kuiona tena juani.

SINDANO NA KAMERA

Mgonjwa anachomwa sindano ya mshipa mkononi. Ndani kuna dawa kidogo sana yenye mionzi, mara nyingi inaitwa teknetiamu. Dawa inatembea na damu mpaka kwenye nyama ya moyo. Palipopata damu nyingi inakaa nyingi, palipopata kidogo inakaa kidogo.

Kisha analala chini ya kamera, mikono juu ya kichwa, bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Kamera inapokea tu mionzi inayotoka kwenye ile dawa na kuifanya picha. Haiumizi.

Picha zinapigwa mara mbili: moyo ukiwa umepumzika, na moyo ukiwa umefanya kazi. Ili moyo ufanye kazi, mgonjwa anatembea juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, waya zimebandikwa kifuani, na nesi yuko pale pale akiangalia. Asiyeweza kutembea anapewa dawa badala yake. Yote yanaweza kuchukua saa kadhaa, na pengine siku mbili.

Baadaye daktari analinganisha picha. Sehemu ikipata dawa vizuri mara zote mbili, damu inafika. Ikipata wakati wa kupumzika lakini ikakosa wakati wa kazi, mfereji umebanwa na nyama bado ni hai: hapa kuna cha kuokoa. Ikikosa mara zote mbili, mara nyingi ni kovu la shambulio la zamani. Picha zinaonyesha pia ukubwa wa sehemu iliyoathirika na nguvu ya moyo kusukuma. Kwa hiyo daktari anajua kama dawa za kumeza zitatosha au mishipa ifunguliwe. Kipimo chenyewe hakitibu. Kinaonyesha njia.

JE, MIONZI INABAKI MWILINI?

Teknetiamu inapungua nusu kila baada ya saa 6. Yaani baada ya saa 24 inabaki sehemu moja kati ya 16, na nyingine inatoka kwa mkojo na choo. Kwa hiyo anywe maji ya kutosha. Kipimo chote kinampa mtu mionzi inayokaribia ile tunayoipata sote kwa asili, kutoka ardhini na angani, kwa miaka michache. Si sifuri, ndiyo maana hakifanywi bila sababu. Lakini kwa mtu ambaye kifua kinambana akipanda ngazi, hatari ya kutojua mara nyingi ni kubwa kuliko hiyo.

MWAMBIE NDUGU YAKO

– Aombe mkalimani. Hospitali za Marekani zinazopokea pesa za serikali zinatakiwa kumpa bure. Asitumie mtoto wake kutafsiri.
– Aseme dawa zote anazokunywa, na kama ana pumu. Asiache dawa yoyote mpaka daktari amwambie.
– Afuate masharti ya kula. Mara nyingi anakatazwa kahawa, soda za kola na chai, hata ile ya rangi.
– Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha aseme kabla ya sindano.
– Kifua kikimbana hata amekaa, kisiachie, asingoje siku ya kipimo. Apige 911 mara moja.

NA SISI HUKU DZALEKA?

Kituo chetu cha afya hakina kamera hiyo, na sababu si mashine peke yake. Dawa inayopungua nusu kila saa 6 haiwekwi stoo. Inatolewa kwenye chombo chenye madini ya molibdenamu, nayo yanapungua nusu kila saa 66 hivi. Hospitali inabidi iletewe mzigo mpya kila mara. Sehemu ya molibdenamu ya dunia inatoka Pelindaba, Afrika Kusini. Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road inatumia dawa za namna hii, hasa kwa wagonjwa wa saratani.

Lakini tusidhani kwamba bila kamera hiyo hatuna la kufanya. Ugonjwa wa moyo unaowapata watoto wa huku mara nyingi ni wa vali, yaani milango ya moyo, na kamera ya nyuklia siyo kipimo chake. Unaanza na koo linalouma. Vijidudu vya koo visipotibiwa, mtoto anaweza kupata homa ya viungo, na ile inaharibu milango ya moyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliwapima watoto wa shule Malawi kwa utrasaundi ya moyo: karibu watoto 3 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za ugonjwa huo, na hawakujua.

Basi wazazi, mtoto akiwa na koo linalouma pamoja na homa, mpelekeni kituo cha afya, msimpe panado na kungoja. Akipewa penisilini, amalize. Akivimba magoti, au akichoka kwa mchezo mdogo, mrudisheni. Wakiona haja watamwandikia rufaa, hata mpaka Kamuzu Central pale Lilongwe. Na sisi watu wazima, tukapimwe presha hata kama hatuumwi. Ni dakika chache tu, na haina sindano.

Mwenye swali lingine alilete shuleni, tutalijibu mwezi ujao.