Mchezaji Aliyechora Watu wa Mtaa Wake



Katika mitaa tunamofanya kazi, vijana wanatuuliza mara nyingi swali moja: mtu afanye nini wakati kazi aliyoizoea imekwisha? Mkulima ameacha shamba lake kijijini. Mvuvi ameacha nyavu zake kando ya ziwa. Mchezaji wa mpira ameumia goti, na timu yake imetawanyika kwa sababu ya vita. Kijana aliyetoka katika kikundi cha silaha ameweka bunduki chini, lakini mikono yake haijapata kazi nyingine. Wote hao wana nguvu na akili, ila wanakaa kando ya barabara kutwa nzima. Nasi tunajua ni watu gani wanaopita hapo kuwatafuta vijana wasio na kazi.

Kwa sababu hiyo tunapenda kuwaeleza habari za mchezaji mmoja mstaafu aliyegeuka kuwa mchoraji, na namna kazi yake ilivyosaidia watu wa mitaa maskini kujiona upya. Kisha tutaangalia jinsi atelie ndogo ya uchoraji inavyoweza kuanzishwa katika mtaa unaopokea wakimbizi wa ndani.

Ernie Barnes alikuwa nani?

Ernie Barnes alizaliwa mwaka 1938 katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Wakati ule sheria za huko ziliwatenga Weusi na Wazungu: shule mbalimbali, viti mbalimbali katika basi, hata mabomba ya maji mbalimbali. Mama yake alifanya kazi katika nyumba ya mwanasheria tajiri, na huko mtoto aliruhusiwa kutazama vitabu vya picha za wachoraji wakubwa.

Shuleni alikuwa mtoto mnene na mwenye haya. Wenzake walimcheka na kumpiga, naye alijificha na daftari lake akichora. Mwalimu mmoja alimkuta katika maficho hayo, akatazama michoro yake, akamfundisha mazoezi ya kuinua vyuma. Mwili ukapata nguvu, naye akawa mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na kwa kusukumana. Chuo kikuu kilimlipia masomo kwa sababu ya mchezo, lakini yeye alichagua kusoma sanaa.

Huko chuoni alifundishwa na mchongaji Ed Wilson. Mwalimu huyo alimshauri asikilize kile ambacho mwili wake unahisi anapokuwa uwanjani: msuli unavyovutika, mgongo unavyopinda, jasho linavyotoka. Alitaka mwanafunzi wake achore kutokana na maisha anayoyajua. Shauri hilo ndilo lililompa Barnes njia yake. Watu katika picha zake wana mikono na miguu mirefu kuliko kawaida, kana kwamba wote wanakimbia au wanacheza ngoma. Ule mwendo aliujua kwa mwili wake kabla ya kuuchora.

Kuna jambo jingine lililomuuma akiwa mwanafunzi. Darasa lake lilitembelea jumba la sanaa la jimbo, naye akauliza ziko wapi picha za wachoraji Weusi. Aliyekuwa akiwaongoza alimjibu kwamba watu wa jamii yake hawana desturi ya kujieleza kwa njia hiyo. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, jumba hilo hilo lilifanya maonyesho ya picha zake peke yake.

Siku mchezo ulipokwisha

Barnes alicheza katika timu za kulipwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1964, New York, San Diego na Denver. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuwazuia wapinzani wasimfikie mwenzake mwenye mpira. Hata huko hakuacha kuchora. Alitozwa faini kwa kuchora wakati wa mikutano ya timu, na wenzake walimpa jina la utani la «Big Rembrandt», kwa kumfananisha na mchoraji mashuhuri wa Uholanzi wa karne ya 17.

Mwaka 1965 aliumia mguu akiwa Kanada, na mchezo ukakoma. Alikuwa na familia ya kulisha. Tunapenda wasomaji wetu vijana waangalie alichofanya wakati huo. Alikwenda kwenye mkutano wa wenye timu akawaomba wamwajiri kama mchoraji wa mchezo wao. Sonny Werblin, aliyekuwa mmoja wa wenye timu ya New York Jets, aliziangalia picha zake, akawaita wajuzi wa sanaa wazipime, kisha akakubali kumlipa kama mchezaji, ila kazi yake iwe kuchora. Mwaka 1966 Barnes alifanya maonyesho yake ya kwanza mjini New York, na picha zote zikanunuliwa.

Kwa hiyo hakutupa yale aliyoyapata uwanjani. Nidhamu ya mazoezi, uvumilivu wa kurudia jambo moja mara mia, na uzoefu wa kufanya kazi na wengine, vyote alivibeba kwenda navyo kwenye chumba cha kuchorea.

Mtaa uliomkumbusha kwao

Baadaye Barnes alihamia Los Angeles, akaishi katika mtaa wa Fairfax. Mtaa huo ulikuwa na Wayahudi wengi, na baadhi yao walikuwa wameponea chupuchupu mauaji ya halaiki huko Ulaya wakati wa vita ya pili ya dunia. Barnes aliona jinsi majirani hao walivyotunza historia yao, sikukuu zao, vyakula vyao na lugha yao, ingawa walikuwa wamefika mbali na kwao. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kuishi kati yao kulimfanya ajiulize kuhusu watu aliokua nao Durham: je, nani anatunza historia yao?

Akaanza kuwachora. Watoto wakiruka kamba, wazee wakicheza mchezo wa mezani, wanawake wakitoka kanisani, kijana akirusha mpira peke yake. Alikusanya picha 35 katika maonyesho aliyoyaita «The Beauty of the Ghetto», maana yake uzuri wa mtaa wa maskini. Yalizungushwa katika miji ya Marekani kuanzia mwaka 1972 hadi 1979. Watu waliozoea kusikia juu ya mitaa ile habari za wizi, moto na vifo tu, walikuta kwenye kuta picha za watu wanaofanya kazi, wanaosali na wanaocheka.

Familia zilizokimbia vita zitaelewa jambo hili haraka. Sisi nasi tumechoka na picha za aina moja: mama ameinamisha kichwa, mtoto analia, hema limechanika. Mambo hayo ni ya kweli na ni lazima yajulikane. Lakini mama huyo huyo anajua kufuma vikapu, anaimba katika kwaya, ametatua ugomvi wa majirani wawili kwenye bomba la maji. Nani atachora hayo? Mgeni anayekuja kwa saa mbili hawezi kuyaona. Anayeweza ni mtu anayeishi humo.

Kwa nini watu wake wamefumba macho?

Katika picha nyingi za Barnes, watu wamefumba macho. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba sisi wanadamu ni vipofu mbele ya ubinadamu wa wenzetu; tunamhukumu mtu kwa rangi au kwa jina kabla ya kumtazama ndani. Katika mkoa wetu tunalijua tatizo hilo kwa majina mengine: kabila, lugha, lafudhi, kijiji ulikotoka.

Mwaka 1992 ghasia kubwa zilitokea Los Angeles baada ya mahakama kuwaachilia polisi waliompiga raia Mweusi. Zaidi ya watu 50 walikufa na maduka mengi yaliteketea. Wakati wa kutia watu moyo tena, meya Tom Bradley aliweka picha ya Barnes, «Growth Through Limits», kwenye bango kubwa katika mitaa iliyoumizwa. Barnes mwenyewe alitoa dola 1.000 kwa mwanafunzi aliyeshinda shindano la kutunga maneno ya kuieleza picha ile. Bango halijengi duka lililoungua, lakini wakaaji waliona kwamba mtaa wao unastahili kitu kizuri.

Barnes alifariki mwaka 2009. Mwaka 2022 picha yake ya watu wanaocheza dansi, «The Sugar Shack», iliuzwa kwa dola zaidi ya milioni 15, wakati wauzaji walitazamia dola 200.000 kwa juu kabisa. Yeye hakuziona pesa hizo.

Mwingine aliyefuata njia hiyo ni Aaron Maybin wa Baltimore. Alipoteza mama yake akiwa na umri wa miaka sita, akatuliza huzuni kwa kuchora. Alicheza mpira wa kulipwa kuanzia mwaka 2009, akaacha mapema, akarudi katika mji wake kama mchoraji na mwalimu wa sanaa kwa watoto wa shule ya msingi, katika mtaa uliojeruhiwa na umaskini na na ghasia za mwaka 2015. Mwezi wa kwanza mwaka 2018 alionyesha hadharani wanafunzi wake wakisoma na makoti kwa baridi kali, na watu wengi wakachanga pesa kuwasaidia.

Na kwetu Kongo?

Mambo haya si mageni kwetu. Chéri Samba alifika Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana kutoka kijijini, akajifunza kazi kwa wachoraji wa mabango ya maduka, na mwaka 1975 akafungua atelie yake mwenyewe. Leo picha zake zimo katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Huko Katanga, Tshibumba Kanda-Matulu alichora picha 100 hivi za historia ya nchi yetu katika miaka ya 1973 na 1974, na aliieleza kila picha kwa Kiswahili chake cha kila siku. Maelezo hayo yamehifadhiwa katika kitabu. Na Goma, kituo cha Yole!Africa kimefundisha vijana sanaa na filamu tangu miaka ya 2000.

Mapema mwaka 2025 kambi nyingi zilizozunguka Goma zilibomolewa. Familia nyingine zilirudi vijijini, nyingine ziliingia mitaani kwa wenyeji. Wakati watu wanaogawana maji na vyoo hawafahamiani, ugomvi hauko mbali. Inafaa pawepo mahali ambapo wenyeji na wageni wanakaa pamoja wakifanya jambo moja.

Atelie ya mtaa inaanzaje?

Mahali. Chumba kimoja kinatosha, au veranda ya kanisa, au darasa baada ya masomo. Mwelezeni kwanza nyumbakumi na chefu wa kata, ili watu wasishuku mkusanyiko wa vijana. Epukeni mahali karibu na watu wenye silaha.

Kiongozi. Mtafuteni mchezaji wa zamani anayeheshimiwa. Vijana wanamjua, na amekwisha kucheza timu moja na watu wa makabila mbalimbali. Si lazima awe mchoraji bora; kazi yake ni kushika saa na nidhamu. Anayefundisha kuchora anaweza kuwa fundi wa mabango.

Vifaa. Makaa, kartoni, mifuko ya unga, mbao kuukuu, udongo wa mfinyanzi. Rangi itanunuliwa baadaye.

Watu. Wenyeji na wakimbizi wa ndani, wasichana na wavulana, kwa hesabu inayolingana. Kuchora kabila lolote kwa dharau kukatazwe tangu siku ya kwanza.

Watoto. Asilazimishwe mtoto yeyote kuchora vita. Akiichora mwenyewe, msimkemee wala msimhoji mbele ya wengine. Msikilizeni kwa utulivu na mwonyesheni mhudumu wa afya ya akili kama yupo. Picha ya mtoto isionyeshwe wala kuuzwa na jina lake bila ruhusa ya wazazi.

Mapato. Saluni, maduka, shule na makanisa yanahitaji mabango. Kijana anayejua kuandika herufi safi na kuchora kichwa kilichosukwa vizuri anaweza kupata pesa ya chakula. Pangeni mapema sehemu ya atelie na sehemu ya fundi, na mwandike katika daftari mbele ya wote.

Wapendwa viongozi, tuseme wazi: uchoraji hauzuii risasi, wala haujazi sufuria. Familia inahitaji kwanza usalama, chakula na dawa. Lakini kijana mwenye kazi mikononi na jina jema mtaani ni vigumu kumdanganya. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mkutano wenu ujao wa mtaa, ulizaneni maswali matatu: ni mchezaji gani wa zamani anayekaa kwetu bila kazi, ni fundi gani wa mabango anayeweza kufundisha, na ni mlango gani unaoweza kufunguliwa kwa saa mbili kila juma. Majibu hayo yakipatikana, atelie imekwisha anza.