Suruali ya shamba inapimwa kwa kuchuchumaa

Wamama, mawe ya volkano hayahurumii nguo. Nyiragongo ilimwaga moto Januari 2002, tena Mei 2021, na wengi wetu tunapita juu ya mawe hayo tukienda shamba. Suruali nyepesi chini ya kitenge haimalizi msimu, na kila unayonunua upya inakula pesa ya madaftari ya watoto.

Kwenye mitumba ya soko la Virunga, tafuta iliyoongezewa kitambaa cha pili mbele, toka paja hadi chini ya goti. Ng'ambo huvaliwa na wawindaji wa ndege wanaopita kwenye miiba. (Sisi ni jembe tu, kuwinda ndani ya Hifadhi ya Virunga ni marufuku.) Inyanyue juani: mwanga ukipenya magotini au makalioni, irudishe. Vuta mshono wa katikati ya miguu, maana ndipo zinapopasukia. Uwe umeshonwa mara mbili. Kisha ivae juu ya nguo yako, uchuchumae kabisa kama unayepalilia maharagwe. Ikikubana, muuzaji atakuambia itaachia. Usimsikilize.

Jinzi nzito ikilowa mvua inachubua mapaja na inachelewa kukauka. Kiuno kikiwa kipana si shida, fundi atatia lastiki.